Mgeni Rasmi Kisandukuni

Ko! Ko! Ko!

Kabla hujauona mlango wa ofisi, kabla hujaiona meza wala aliyeketi nyuma yake, uliusikia mhuri. Uligonga mara tatu, ukanyamaza, ukagonga tena mara tatu. Watu waliopanga foleni kwenye korido walitazamana na kutulia, kama wagonjwa waliosikia viatu vya daktari. Kazi ilikuwa inaendelea.

Siku hiyo kazi ilikuwa nzito kuliko kawaida. Idara ya Utulivu wa Watoto ilikuwa inautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, picha zote ambazo watoto wenye usonji huzitumia kuomba, kukataa, kuchagua, kwenda chooni na kupumzika zitakuwa nyaraka rasmi. Kwa miaka mingi, tangazo lilisema kwa masikitiko, mtoto asiyeongea alikuwa akionyesha kadi ya maji na kupewa maji, bila mtu yeyote kuidhinisha. Hali hiyo isingeweza kuvumiliwa.

Aliyekuwa akiugonga mhuri alikuwa karani wa makamo, mtu mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Watu walimwita Bwana Mhuri. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwa afisa aliyehamishwa na ufunguo wa kabati. Aligonga kila karatasi mara tatu: mara ya kwanza kwa ajili ya sheria, ya pili kwa ajili ya tarehe, na ya tatu kwa sababu mkono ulikuwa bado uko juu. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kukosa hata moja.

Waraka wenyewe aliujua kwa moyo, vifungu vyote vinne. Kifungu cha kwanza kilisema kadi isiyo na mhuri si kadi, ni karatasi. Cha pili kiliagiza kila ubao wa ratiba uwe na kadi yenye picha ya Mkurugenzi, chini yake maneno MGENI RASMI, kwa kuwa haijulikani siku wala saa atakayotembelea.

Cha tatu kilizaliwa na bembea. Ubao wa ratiba ni kitu rahisi: kadi za picha zimebandikwa moja chini ya nyingine, vua viatu, chora, kula, bembea. Shughuli ikiisha, mtoto anabandua kadi yake na kuitia kwenye kisanduku kilichoandikwa TUMEMALIZA, kisha anajua kinachofuata. Sasa siku moja Mkurugenzi alikwenda kutazama, na mtoto mmoja akawa anaichomoa kadi ya bembea kisandukuni kila ikiingia. Mkurugenzi alisimama juani dakika arobaini akingoja bembea iishe. Alirudi ofisini akaandika kwa mkono wake: shughuli ambayo kadi yake imeingia kisandukuni imemalizika, na hakuna mtu, awe mtoto au mkubwa, atakayeirudisha kabla ya siku kumi na nne na kikao cha kamati.

Cha nne ndicho Mkurugenzi alichokipenda zaidi. Kadi yenye mhuri itatiiwa papo hapo na kila aliyeonyeshwa, bila kujali umri wala cheo. Alikiandika kwa ajili ya kadi ya FURAHA. Alipenda kuiinua na kuona chumba kizima kikitabasamu.

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya uzinduzi wa Wiki ya Ukimya, Bwana Mhuri alipelekwa na mhuri wake kwenye kituo kilichochaguliwa kumpokea Mkurugenzi. Kilikuwa kituo cha watoto wanaohitaji msaada wa kujifunza: vyumba vitatu, bembea moja, na mwalimu mmoja mwanamke asiyeshtuliwa na barua. Alipewa meza pekee iliyokuwa wazi. Ilikuwa meza ya mtoto. Alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu, akafungua daftari, akaanza.

Kituo kilikuwa kimewasilisha kadi mia moja na kumi na mbili. Kamati ilikuwa imepitisha tisa. Kadi ya CHOO ilirudishwa kwa sababu choo kilichorwa kwa ubavu, jambo lisilo na heshima. Kadi ya MAJI ilipita kwa sharti kwamba glasi isichorwe imejaa, wananchi wasije wakapata matarajio. HUZUNI ilikataliwa kwa kuwa haimo kwenye mpango wa mwaka. FURAHA ilipita siku ya kwanza, nakala elfu sita.

"Hizi ndizo tulizopewa kuishi nazo?" mwalimu aliuliza, akizihesabu zile tisa kwa kidole.

"Ni mwanzo mzuri," Bwana Mhuri alisema. "Kuna wilaya nzima imepitishiwa VIATU tu."

Hapo ndipo alipoingia bibi mmoja, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, binti wa miaka minane aliyetembea kwa ncha za vidole na kutazama dari kana kwamba kuna kitu anakisoma. Pale kituoni walimwita Malkia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha akafanikiwa.

"Wewe ndiye uliyemnyang'anya mjukuu wangu kadi yake?" bibi aliuliza, bila salamu.

"Mimi sinyang'anyi, bibi. Imeshikiliwa kwa uchunguzi."

"Kwani imemuibia nani?"

"Haina mhuri."

Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi magotini, akipima. "Bega lako la kulia limeshuka. Ni kwa kugonga huko. Ukija kushona koti kwangu, itabidi nitie sponji upande mmoja." Kisha akauinua mkono wa Malkia na kuuweka juu ya daftari, kiganja chini. Nyuma ya mkono huo kulikuwa na alama za meno, mpya juu ya za zamani, nyekundu juu ya kahawia. "Haya, soma. Huu ndio mhuri wenu."

Bwana Mhuri alisoma. Hakuwa amewahi kuona mhuri usio na tarehe.

Mwalimu alivuta kiti. "Malkia haongei," alisema. "Kelele zikimzidi alikuwa anajing'ata, na mkono ukawa kidonda kisichopona. Tukamfundisha kadi moja, hii hapa mnayoishikilia, kiganja kilichoinuliwa: IMETOSHA. Miezi kumi na minne, bwana. Nafungua mkono wangu hivi, yeye anaiweka kadi juu yake. Kadi ikitua tu, naacha ninachofanya. Sisemi ngoja, sisemi bado kidogo. Naacha."

"Hata kama ni somo?"

"Hata kama ni wimbo. Siku alipoelewa kwamba kakaratasi kadogo kanaweza kumnyamazisha mtu mzima, alinipa kadi mara ishirini na sita. Niliimba neno mojamoja asubuhi nzima. Lakini tangu siku hiyo hakujing'ata tena, mpaka Jumatatu ya waraka wenu."

Bwana Mhuri alifungua kumbukumbu za kamati, akasoma kwa sauti ya kazi: "Kadi ya IMETOSHA imekataliwa. Mtoto hana mamlaka ya kuhitimisha. Kituo kinashauriwa kutumia badala yake kadi ya TAFADHALI ENDELEA."

"Huyo aliyeandika hivyo," bibi aliuliza polepole, "ana watoto?"

"Ana manaibu wanne."

Mchana Bwana Mhuri aliendelea na kazi yake. VIATU, nakala ya kituo: ko, ko, ko. Kutoka pembeni, ukutani, likaja jibu: ko, ko, ko. Aligeuka. Malkia alikuwa ameegemea ukuta akitazama feni, vidole vyake vikiwa juu ya mbao. Bwana Mhuri alirekebisha kifungo cha shati. Akagonga tena, safari hii mara mbili tu, akauacha mhuri hewani. Chumba kikangoja. Malkia hakumtazama, ila kidole chake kilishuka taratibu na kuimalizia ile iliyobaki.

Ko.

Miaka kumi na minane aligonga, na watu walisubiri, walilalamika, walisinzia. Hakuna aliyewahi kumjibu. Jioni ile aliandika rufaa ya kurasa nne kuomba kadi ya IMETOSHA ifikiriwe upya, akaitia mihuri mpaka pembeni.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili, kasi ambayo ofisi haijawahi kuionyesha kwa jambo la heri. Rufaa imekataliwa. Mwombaji alipaswa kuambatanisha kadi iliyokataliwa, na kadi iliyokataliwa hairuhusiwi kuambatanishwa. Chini kabisa, saini ya Mkurugenzi, ndefu kama mkia wa tiara.

"Nilifuata utaratibu," Bwana Mhuri alimwambia mwalimu.

"Nimeona."

"Utaratibu ni mzuri. Shida ni..." Alitafuta neno. Halikuwemo kwenye orodha. Akafunga daftari.

Siku ya uzinduzi wa Wiki ya Ukimya, spika nne zililetwa kwa lori, kila moja na kimo cha kabati la nguo. Zilipangwa uani mbele ya viti vya wazazi. Mwalimu alimfuata Mkurugenzi garini kabla hajashuka.

"Mheshimiwa, nakuomba, sauti iwe ndogo. Watoto hawa masikio yao hayana mlango."

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mpole wa uso, mwenye harufu ya sabuni ya wageni. Alimpigapiga begani. "Mwalimu, ujumbe wa ukimya lazima ufike mbali."

Akapanda jukwaani. Upande wake wa kushoto walisimamisha ubao wa ratiba, umepambwa kwa kitambaa, na kadi ya kwanza kabisa juu yake ilikuwa picha yake mwenyewe, akitabasamu. Chini ya ubao kilikaa kisanduku cha TUMEMALIZA, ambacho kabla ya kupata cheo hicho kilikuwa boksi la viatu. Upande wa kulia alikaa Bwana Mhuri kwenye meza yake ya mtoto, daftari limefunguliwa, mhuri mkononi, tayari kuthibitisha kila litakalotokea.

Maikrofoni ilipiga ukelele. Wazazi waliziba masikio ya watoto, kisha yao wenyewe.

"Ukimya!" Mkurugenzi alinguruma kupitia makabati manne. "Ndugu wananchi, kwanza kabisa, kabla ya yote, na kabla sijaanza, ningependa kutanguliza utangulizi!"

Akainua kadi ya FURAHA. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, ua mzima ulitabasamu. Bibi naye alitabasamu, kwa namna ambayo ingetosha kukatia kitambaa.

Utangulizi ulichukua dakika ishirini. Malkia alikuwa ameketi mstari wa pili, viganja vimebana masikio, akiyumba mbele na nyuma. Kila spika ilipopiga ukelele, mkono wake mmoja ulishuka kutafuta kwenye aproni, mahali palipokuwa na kipande cha utepe wa kunata. Zamani kadi yake ilikaa pale. Kidole kiligusa utepe, kikazunguka, hakikukuta kitu, kikarudi sikioni. Kilishuka tena. Hakikukuta kitu. Safari ya tatu mkono haukurudi sikioni. Ulikwenda mdomoni.

Bwana Mhuri aliona. Bibi alikuwa amemkumbatia, mwalimu alikuwa anasukuma viti apite, na meno yalikuwa yamekwisha kugusa ngozi. Karani hakufikiri. Kama angefikiri, angetafuta fomu. Aliinua mhuri na kuupiga juu ya meza tupu.

Ko! Ko!

Akauacha hewani.

Malkia aliacha kujing'ata. Kulikuwa na kitu ambacho hakijaisha, na hilo hakuliweza. Akainuka, akapita katikati ya viti kwa ncha za vidole, akapanda jukwaani kama mtu anayeingia jikoni kwake, na kuimalizia ile ya tatu juu ya meza ya Bwana Mhuri.

Ko.

"Aaah, ndugu zangu!" Mkurugenzi alisema kwenye maikrofoni. "Mmeona? Mtoto amevutwa na hotuba!"

Sauti ilikuwa karibu mno sasa. Malkia alikunja uso, akageuka, na mbele yake akauona ubao. Ubao aliujua. Alitazama kadi ya kwanza: mtu mnene anayetabasamu. Akamtazama mtu mnene anayepiga kelele. Akaibandua kadi, akainama, akaitia kisandukuni na kukifunga vizuri, pande zote mbili.

Mkurugenzi aliendelea kwa sentensi mbili. Bwana Mhuri alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa," alisema, "samahani. Umeingia kisandukuni."

"Nini?"

"Kadi yako. Kifungu cha tatu. Shughuli ya Mgeni Rasmi imemalizika." Akachomoa waya wa maikrofoni, kwa adabu, kwa mikono miwili. Ua ukawa kimya kwa mara ya kwanza tangu Wiki ya Ukimya ianze.

"Ichomoe hiyo kadi, bwana!"

"Hairudishwi na mtu yeyote, awe mtoto au mkubwa, kabla ya siku kumi na nne na kikao cha kamati. Uliandika mwenyewe, mheshimiwa, baada ya bembea."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati!"

"Ndiyo. Lakini sasa nasubiri kuandika saa tu, halafu hutakuwa na shughuli."

Kutoka mstari wa pili bibi alipaza sauti: "Muandikie bwana, tuna kazi majumbani!"

Wazazi wakacheka, kwanza kwa kujificha, halafu hadharani. Mkurugenzi aliwainulia kadi ya FURAHA kwa mazoea, nao wakatii, wakacheka zaidi. Akageuka kwa karani, uso umeiva. "Imetosha! Nimesema imetosha!"

Bwana Mhuri alifunua orodha, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Hakuwa na haraka. Hakuwa pia na dhihaka hata chembe. Alikuwa mtu wa kazi.

"Neno hilo halijaidhinishwa, mheshimiwa. Lilikataliwa, na rufaa yake ikakataliwa. Hapa uani hakuna mwenye mamlaka ya kulisema. Lililopitishwa badala yake ni TAFADHALI ENDELEA."

"Endelea!" wazazi waliitikia. "Endelea, Bwana Mhuri!"

"Basi liidhinishe!"

"Linahitaji saini yako. Na kwa kuwa sijaandika saa, saini yako bado ni hai. Ila kalamu yangu," alisema akiitazama, "iko njiani."

Mkurugenzi aliinyakua fomu, akaweka ule mkia wa tiara palipoonyeshwa. Bwana Mhuri akaifungua bahasha ya vielelezo, akaitoa kadi ndogo iliyochakaa pembe, kiganja kilichoinuliwa.

Ko! Ko! Ko!

"Nipe hapa!" Mkurugenzi alisema, akanyoosha mkono wake wazi kuidai, apate kumnyamazisha karani wake kisheria.

Lakini kadi ilikuwa na mwenyewe, na Bwana Mhuri alikuwa amekwisha kumpa. Malkia aliigeuza mara moja kuhakikisha pembe zake. Kisha akaona mkono wa mtu mzima, umefunguliwa mbele yake, kama ule wa mwalimu kwa miezi kumi na minne. Alijua kinachofanywa na mkono wazi. Akaiweka kadi juu yake, taratibu, na kuibonyeza kwa kidole ili itue.

"Mheshimiwa," Bwana Mhuri alisema kwa upole, "umeambiwa. Ina mhuri. Papo hapo, bila kujali umri wala cheo."

Mkurugenzi alifungua mdomo. Alitazama kadi mkononi mwake, akatazama ua, akatazama saini yake ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Akaufunga. Bwana Mhuri aliandika: saa nne na dakika kumi na saba.

Getini dereva alikuwa amewasha gari. Mkurugenzi alipofika mlangoni, dereva alitoa karatasi ya safari na kuionyesha kwa unyonge. "Mkubwa, mimi nimeandikiwa kumleta Mgeni Rasmi na kumrudisha Mgeni Rasmi. Na Mgeni Rasmi yumo mle." Akaenda kukichukua kisanduku jukwaani, akakiweka kiti cha nyuma, akakifunga mkanda na kuondoka kwa mwendo wa heshima. Mkurugenzi alifuata kwa miguu, bado hajasema neno, kwa sababu hakuna aliyejua ni lini mtu anaruhusiwa kuanza tena, na aliyepaswa kulitolea waraka alikuwa yeye.

"Kisanduku chetu!" mwalimu alisema.

"Boksi la viatu tu," bibi alijibu. "Nina matatu nyumbani."

Watu walipopungua, Bwana Mhuri aliiokota kadi pale Mkurugenzi alipoiacha, kwenye ukingo wa jukwaa. Akaifuta vumbi. Alimkuta Malkia kwenye bembea, miguu ikigusa na kuacha ardhi. Mwalimu alikuwa amemfundisha asimkabili usoni, basi alichuchumaa ubavuni na kutazama kule alikotazama yeye, angani, ambako hakukuwa na kitu, au kulikuwa na kitu ambacho hajajifunza kukisoma. Akaibandika kadi kwenye utepe wa aproni, mahali pake.

"Sasa mwahidi," bibi alisema nyuma yao. "Maana kesho watakuja na waraka mwingine, na wewe utaugonga."

"Nimwahidi nini?"

"Unajua."

Alijua. Mkono ukaenda mfukoni kwa mazoea, ukaugusa mhuri, ukatoka bila kitu. Akakifungua kiganja chake kando ya bembea, kitupu, ili akione.

"Malkia," alisema kwa sauti ndogo, "siku yoyote utakayoiweka kadi yako hapa, mimi nitaacha. Hata nikiwa nimegonga mara mbili na mkono uko juu. Nakuahidi."